Mji ukipewa mashindano makubwa, hoteli zinafaidika kweli au tunahesabu vitanda tu?

#1 Mzee_wa_Hesabu
Wakuu, salaam. Kila serikali ikiomba kuandaa Olimpiki, Kombe la Dunia au mbio za magari, hoja ya kwanza ni ile ile: hoteli zitajaa, watalii watamiminika, kila mtu ataokota riziki mlangoni kwake. Naomba mnisaidie kitu kimoja. Agosti 2012 London ilikuwa katikati ya Olimpiki, lakini wageni wa nje walioingia Uingereza mwezi huo walikuwa wachache kuliko Agosti 2011, mwaka usio na mashindano ya ukubwa huo. Takwimu ni za ofisi yao ya takwimu, si za wapinzani wa serikali. Sasa hao waliofuata Olimpiki walikwenda kujumlishwa wapi?

Dai langu: mashindano makubwa hayaongezi wageni, yanabadilisha wageni. Anayebisha alete mfano, asiniletee hotuba ya waziri.

#2 Kocha_Mstaafu
Umetoa nusu ya habari ukaficha nusu. Agosti hiyo hiyo wageni walipungua, ndiyo, lakini pesa walizotumia zilipanda kuliko mwaka wa nyuma. Mwenye hoteli hali vichwa, anakula pesa.

#3 Mpiga_Zumari
Nimekaa kiti cha mbele. Msisukumane.

#4 Mzee_wa_Hesabu
Kocha, ndani ya hayo "matumizi" mna bei ya tikiti za michezo. Tikiti ya fainali ya mita 100 haimfikii mwenye nyumba ya wageni. Inakwenda kwa waandaaji. Toa hiyo kwanza ndipo tuzungumze.

#5 Binti_Mapokezi
Nimefanya kazi mapokezi kwenye mji ulioandaa mashindano ya kimataifa. Mji siutaji wala hoteli siitaji. Nitawaeleza tulivyoliona jambo hili kutoka upande wa ndani wa kaunta, kwa sababu humu wengi mnazungumza kana kwamba mgeni anashuka tu uwanja wa ndege na kugonga mlango.

Mapema sana, mwaka mmoja hata miwili kabla, kamati ya maandalizi inakuja kushika vyumba. Inashika vingi: vya viongozi wa vyama, vya waamuzi, vya waandishi, vya wadhamini. Mnaandikiana mkataba na bei inapangwa. Kuanzia siku hiyo vyumba hivyo kwenye mfumo havipo. Wakala aliyekuletea makundi ya watalii miaka yote anapiga simu kuulizia tarehe zile, unamwambia zimejaa. Hakubishani na wewe. Anapeleka kundi lake mji mwingine, mara nyingine nchi nyingine. Watu wa mikutano nao hivyo hivyo, kwa sababu mkutano wa madaktari au wa mabenki haupangwi wiki mbili kabla.

Kisha miezi michache kabla ya mashindano kamati inarudisha sehemu ya vyumba, maana mkataba unawaruhusu hadi tarehe fulani. Hapo ndipo kilio kinapoanza. Vyumba mnavyo, wateja wenu wa kawaida mlishawafukuza, na mashabiki bado wanasubiri kujua timu yao itacheza wapi. Meneja anaanza kukata bei. Mliopanga chumba kwa mara tatu ya bei ya kawaida mnaishia kukitoa kwa bei ya kawaida, na mliolipa mapema mnakuja juu pale mapokezi mkidai tofauti yenu. Anayepokea hayo matusi si kamati, ni mimi.

Na haikutokea kwetu peke yetu. London 2012 kamati ilirudisha vyumba vingi kwa wenye hoteli miezi kabla ya michezo. Afrika Kusini 2010, kampuni iliyopewa na FIFA kazi ya malazi iliachia vyumba vingi vilivyokosa wanunuzi.

#6 Tukutuku
Asante Binti, hili darasa. Swali: kwa nini hoteli zinakubali mkataba wa namna hiyo? Si mngekataa tu?

#7 Binti_Mapokezi
Mji ukiomba kuandaa, unapeleka ahadi ya idadi ya vyumba. Wenye hoteli wanasaini barua kabla hata mji haujachaguliwa, wakati ambapo kila mtu anaona sifa tu. Halafu hakuna meneja anayetaka kuulizwa na mwenye mali kwa nini jirani ana wageni wa FIFA na yeye hana.

#8 Ndoana
Naongeza Paris 2024, maana ni mbichi. Julai mwaka ule, kabla hata michezo haijaanza, Air France walitoa tangazo kwamba watapoteza mapato ya kati ya euro milioni 160 na 180 kwa miezi ya Juni hadi Agosti kwa sababu wasafiri walikuwa wanaukwepa mji. Shirika la ndege la nchi mwenyeji! Na hoteli zilizoweka bei za juu angani mwaka mmoja kabla zikaanza kuzishusha kadiri siku zilivyokaribia.

Las Vegas, mbio za Formula 1 za Novemba 2023, hadithi ni hiyo hiyo: vyumba vilianza kwa bei za kutisha, vikashuka wiki za mwisho. Na pale barabara zilichimbwa na kufungwa miezi kadhaa, biashara za pembeni zikalalamika kwamba wateja hawafiki.

#9 Kiparamoto
Mnatafuta kasoro. Afrika Kusini 2010 walikuja wageni nusu milioni kwa mwezi mmoja, katikati ya baridi yao, wakati hoteli huwa zinapiga miayo. Hilo nalo mtalipinga?

#10 Mzee_wa_Hesabu
Nusu milioni ilikuwa karibu na makisio ya washauri waliolipwa kukisia, na wenyewe waliyapunguza kabla filimbi haijapulizwa. Hesabu iliyotolewa na mamlaka ya utalii ya nchi hiyo baada ya mashindano ilikuwa watalii 309,554 waliosema Kombe la Dunia ndilo lililowaleta, na matumizi yao randi bilioni 3.64. Gawanya mwenyewe, inakuja kama randi 11,800 kwa kichwa. Si haba, lakini si nusu milioni.

#11 Kiparamoto
Laki tatu katika msimu wa chini bado ni laki tatu. Bora hao kuliko vyumba vitupu.

#12 Shaha
Na hapo Kiparamoto ana hoja ambayo Mzee anairuka. Tofauti ya London na Afrika Kusini ni kalenda. London mwezi Agosti inajaa yenyewe, huhitaji kumleta Usain Bolt. Ukiingiza mashindano juu ya msimu ulio mkubwa tayari, kila mgeni wa michezo anakalia kitanda cha mgeni mwingine. Juni na Julai kule kusini ni wakati mdogo, vitanda viko wazi, kwa hiyo anayekuja hamsukumi mtu.

Wachumi wanaofuatilia mambo haya huwagawa watu mafungu. Kuna wanaokimbia: walitaka kuja, wakasikia fujo, bei na ukaguzi wa polisi, wakaghairi. Kuna wanaohamisha tarehe: wangekuja tu mwaka huu, wakaamua waje wiki ya mashindano badala ya mwezi mwingine. Hawa si wageni wapya, ni wale wale wamebadilisha siku. Na kuna waliokuwapo tayari kwa shughuli zao wakaingia uwanjani kwa kuwa uwanja uko karibu. Ripoti nyingi za waandaaji huwahesabu wote hawa kama mavuno ya mashindano, na wanaokimbia haziwatoi kabisa.

#13 Mpiga_Zumari
Kuna fungu la nne: anayelala kwenye basi. Mimi ndiye.

#14 Tukutuku
Hahaha, na fungu la tano, anayelala kwa shemeji na kula bure mpaka nusu fainali.

#15 Nahodha_wa_Jahazi
Msicheke. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Kyiv 2018, Real Madrid na Liverpool, bei za vyumba zilipaa hadi wenyeji wenyewe wakaona aibu. Wakaanzisha kundi mtandaoni la kuwapa mashabiki mahali pa kulala bure. Watu wazima wakalala kwenye makochi ya watu wasiowajua. Sasa niambieni, hoteli zilipata au zilipoteza? Usiku mmoja zilipata. Lakini shabiki aliyedaiwa fedha ya mwezi mzima kwa chumba cha usiku mmoja ataenda kuusifu mji huo kwao?

#16 Kocha_Mstaafu
Alienda kuwasifu watu waliompa kochi. Mji ni watu pia, Nahodha.

#17 Mama_Nia
Naingia kwa upande wa sisi wenye nyumba, si wenye hoteli. Mji wetu huwa na mbio za marathoni kila mwaka na mimi hupangisha vyumba viwili vya uani. Wakimbiaji ni wageni wazuri kuliko wote niliowahi kuwapokea. Wanalala saa mbili usiku, hawanywi, wanauliza maji na muda wa kifungua kinywa, basi. Na hawaji peke yao, mtu mmoja akikimbia wanakuja wanne kumshangilia. Wengine hurudi mwaka unaofuata na kuniambia nisimpe mtu mwingine kile chumba.

Kwa hiyo nyie mnaozungumzia Olimpiki na Kombe la Dunia mnazungumzia harusi ya mfalme. Sisi wengine tunaishi kwa harusi za majirani.

#18 Ndoana
Mama Nia umegusa pale pale. Kuna utafiti wa Baumann, Matheson na Muroi kuhusu Hawaii. Hawakwenda kuuliza watu "umetumia kiasi gani", walichukua idadi ya abiria wanaoshuka viwanja vya ndege siku kwa siku na kuangalia lini inapanda kuliko kawaida. Katika mashindano waliyoyapima, mawili tu yalionyesha ongezeko la kweli la wageni: marathoni ya Honolulu, ambayo huvuta Wajapani wengi kila Desemba, na mchezo wa nyota wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani. Mengine yalipita bila kuonekana kwenye hesabu ya abiria.

#19 Tukutuku
Kwa nini marathoni iweze na mengine yashindwe?

#20 Ndoana
Nadhani ni kwa sababu mshiriki mwenyewe ndiye mtalii. Mechi ya mpira ina wachezaji 22 uwanjani na waliobaki wanaweza kuitazama sebuleni kwao. Marathoni huwezi kukimbia kwenye televisheni. New York hukimbia watu zaidi ya 50,000 siku moja na waandaaji hawakujenga uwanja hata mmoja, wanafunga barabara asubuhi na kuzifungua jioni.

#21 Shaha
Hilo la "mshiriki ndiye mtalii" ni zuri lakini halielezi mchezo wa nyota wa NFL, ambao washiriki wake ni wachezaji wa kulipwa. Kwa huo nafikiri ni mahali: watu wa bara la Marekani wanakuja mwishoni mwa Januari au Februari, kwao theluji, kule ufukwe. Mechi ni kisingizio cha likizo.

#22 Kiparamoto
Basi kumbe yanaleta watu. Mzee wa #1 kimya.

#23 Mzee_wa_Hesabu
Niko. Nilikuwa nakula. Nimesema mashindano *makubwa*. Marathoni haikunijengea deni.

Na mnaposema hoteli zinapata, kumbukeni kuuliza nani analipa upande wa pili. Salt Lake City, jimbo la Utah kule Marekani, Olimpiki ya majira ya baridi 2002. Wachumi Baade, Baumann na Matheson walichukua takwimu za mauzo yanayotozwa kodi. Hoteli na migahawa: juu kwa dola milioni 70.6. Mtu wa hotuba anaishia hapo. Maduka ya bidhaa za kawaida katika kipindi hicho hicho: chini kwa dola milioni 167.4. Hoteli ilikula, muuza nguo na masufuria akalala njaa. Wenyeji walijifungia au walihama mji, na wageni wa michezo hawanunui masufuria.

#24 Nahodha_wa_Jahazi
Na utamu mwingine wa Salt Lake ni huu. Mchumi anayeitwa Michael Leeds aliangalia jimbo la jirani, Colorado, lenye vituo vingi vya kuteleza kwenye theluji. Wapenzi wa theluji waliokwepa Utah ya Olimpiki wakaenda Colorado, na mapato ya huko yakapanda. Jirani hakuwasha mwenge, hakulipia ulinzi, hakujenga kijiji cha wanamichezo, na akavuna.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mji wowote wenye akili: usiombe mashindano, omba jirani yako ashinde zabuni.

#25 Mpiga_Zumari
Nahodha apewe ubalozi.

#26 Kocha_Mstaafu
Mnahesabu wiki mbili na kusahau miaka ishirini. Barcelona! Kabla ya 1992 ulikuwa mji wa bandari na viwanda, mgongo umeupa bahari. Wakabomoa, wakafungua ufukwe, wakajenga barabara ya mzunguko na hoteli. Mwaka 1990 wageni wa hoteli walikuwa kama milioni 1.7, mwaka 2000 wakawa milioni 3.1. Nani anabisha?

#27 Shaha
Habishi mtu namba, tunabishia sababu. Ukiangalia kilichofanyika pale, mpango wa kuufungua mji kwa bahari ulitoka kwa halmashauri, na Olimpiki ilikuwa nafasi ya kupata fedha na haraka. Kisha ndani ya miaka ile ile zikaja ndege za bei nafuu Ulaya nzima na meli za utalii. Na mji wenyewe ulikuwa na majengo ya msanifu Gaudí yaliyokuwa yanangoja kuonekana. Chukua vyote hivyo, uvitoe, uache michezo ya siku 16 peke yake. Ungepata nini?

#28 Ndoana
Ungepata Lillehammer.

#29 Tukutuku
Lillehammer kuna nini?

#30 Ndoana
Norway, Olimpiki ya majira ya baridi 1994. Mji mdogo, mzuri, michezo iliyosifiwa sana na watu mpaka leo. Hoteli zikajengwa na kupanuliwa kwa matumaini ya "baada ya michezo". Mtafiti Jon Teigland aliyefuatilia kilichotokea baadaye aliandika kwamba asilimia 40 ya hoteli zenye huduma kamili za mji huo zilifilisika. Watalii waliongezeka kidogo, vyumba viliongezeka zaidi.

Calgary ya Kanada, Olimpiki ya baridi 1988, ni ndugu yake. Kina Ritchie na Smith walikuwa wakiwauliza watu wa Ulaya na Marekani kama wanaufahamu mji huo, mwaka hadi mwaka. Jina lilipanda sana wakati wa michezo kisha likaanza kufifia. Sifa ya televisheni ina tarehe ya kuisha.

#31 Binti_Mapokezi
Ya Lillehammer naielewa sana. Hoteli mpya haifilisiki kwa sababu haina wageni wakati wa mashindano. Inafilisika kwa sababu mkopo wa benki unalipwa kila mwezi na mashindano hayaji kila mwezi. Na ikishajengwa huwezi kuivunja, kwa hiyo inapunguza bei ili iokoe chochote, na inawaburuza na wale wa zamani waliokuwapo kabla ya mashindano.

#32 Kiparamoto
Ndiyo maana Qatar waliwaza. Kombe la 2022 walileta meli za abiria zikatia nanga Doha kuwa hoteli, mashindano yakiisha meli zinaondoka. Wakaweka vijiji vya mashabiki vya muda, na wengine wakalala Dubai na kurushwa kwa ndege asubuhi kuja kuangalia mechi, jioni wanarudi.

#33 Nahodha_wa_Jahazi
Sawa, lakini pesa ya aliyelala melini ilikwenda kwa kampuni ya meli, na ya aliyelala Dubai ikabaki Dubai. Ukiogopa vyumba vya ziada, unagawa mapato. Ukijenga vyumba, unabaki navyo. Nionyesheni njia ya tatu.

#34 Mama_Nia
Njia ya tatu ni sisi. Nyumba za watu. Zipo tayari, hazidai mkopo mpya, wiki ikiisha tunarudisha watoto vyumbani mwao. Augusta kule Marekani, kwenye mashindano ya gofu ya Masters kila Aprili, wenyeji wanahama nyumba zao na kuzipangisha. Nasikia hata sheria ya kodi inawaachia, ukipangisha chini ya mwezi mmoja hulipi.

#35 Shaha
Siku 14 Mama, si mwezi. Sheria ya kodi ya mapato ya Marekani inasema ukipangisha nyumba unayoishi kwa siku zisizozidi 14 kwa mwaka, mapato hayo huyatangazi. Inahusu nchi nzima ila watu wameibatiza jina la Augusta.

#36 Mama_Nia
Hizo 14 zinatosha, mashindano yenyewe ni wiki.

#37 Binti_Mapokezi
Mama Nia, nakuheshimu, lakini hizo nyumba zenu ndizo zinazotuvunjia bei. Paris 2024 wenyeji waliweka majumba yao mtandaoni kwa wingi, kila mtu akidhani atalipia likizo yake kwa wiki mbili. Mwisho wake nyumba zikawa nyingi, nao wakapunguza, hoteli zikafuata. Na hoteli inalipa kodi ya kitanda, zimamoto, leseni, mishahara.

#38 Mama_Nia
Mishahara? Bei ya chumba ikipanda mara tatu wiki ya mashindano, wewe pale mapokezi mshahara wako ulipanda mara ngapi?

#39 Binti_Mapokezi
Aliyetupa zamu za ziada tulimshukuru. Mshahara ulikuwa ule ule.

#40 Mzee_wa_Hesabu
Basi hapo ndipo penyewe. Philip Porter, aliyechunguza Super Bowl, fainali ya NFL, miaka mingi, na Matheson pia, wamekuwa wakilisema hili: bei ya chumba inapanda lakini mshahara wa mtandika vitanda na wa karani haupandi nayo. Tofauti inakwenda kwa mwenye hoteli, na kama hoteli ni ya mnyororo wa kimataifa, inaondoka mjini na ndege ya Jumatatu pamoja na mashabiki. Halafu mshauri anakuja na kuzidisha kila dola kwa mbili, eti pesa imezunguka mjini. Imezunguka wapi?

#41 Kocha_Mstaafu
Zamu za ziada si pesa? Mboga zilizonunuliwa kwa mkulima si pesa? Dobi? Dereva? Mzee unataka pesa yote iwe na ndege. Kombe la Dunia Ujerumani 2006, wachumi wenyewe wenye mashaka, Allmers na Maennig, waliona ongezeko la kweli, kama usiku 700,000 wa ziada kwenye malazi na mapato ya utalii ya dola milioni 900 hivi. Waliotafuta hayo si mashabiki.

#42 Ndoana
Na katika kazi hiyo hiyo waliiangalia Ufaransa 1998, wasione ongezeko la maana. Nchi jirani, kombe lile lile, majira yale yale. Ukiweza kunieleza kwa nini moja ndiyo na nyingine hapana, utakuwa umeumaliza uzi huu.

#43 Kocha_Mstaafu
Viwanja vya wazi vya kutazamia mpira! Ujerumani waliweka skrini kubwa barabarani, asiye na tikiti naye akawa na sababu ya kusafiri. Aliyekuja kukaa barabarani bado anahitaji kitanda.

#44 Shaha
Au ni hali ya hewa ya mwezi ule. Au Ufaransa ilikuwa imejaa watalii wake tayari na Ujerumani haikuwa. Mimi naelemea hilo la mwisho, linafanana na hoja yangu ya kalenda.

#45 Mpiga_Zumari
Au Wajerumani walihesabu vizuri zaidi.

#46 Tukutuku
Na Tokyo je? Hakuna aliyeitaja.

#47 Nahodha_wa_Jahazi
Tokyo tuiache ipumzike. Olimpiki ya 2020 iliahirishwa mwaka mmoja, Machi 2021 wakazuia mashabiki wa nje, Julai wakazuia hata wenyeji viwanjani pale mjini. Hoteli zilizojengwa na kukarabatiwa kwa ajili ya 2020 zikabaki kuangalia michezo kwenye televisheni kama sisi. Korona haikuwa kosa la mtu, lakini inaonyesha hatari ya kuweka biashara ya miaka yote kwenye wiki mbili.

#48 Kiparamoto
Kwa hiyo jibu lenu ni tusiandae kitu, tukae?

#49 Nahodha_wa_Jahazi
Kuna mahali pasipoandaa kitu kikubwa na wanamichezo wanakuja. Iten kule Kenya, mita kama 2,400 juu ya usawa wa bahari, wakimbiaji kutoka mabara yote wanakwenda kufanya mazoezi. Mtu wa mazoezi hakai usiku mmoja, anakaa wiki kadhaa, anakula, anachuliwa misuli, ananunua viatu. Hoteli haipandishi bei mara tatu wala haishushi.

#50 Kocha_Mstaafu
Wanakwenda pale kwa sababu mabingwa waliotoka pale walishinda kwenye mashindano makubwa mnayoyabeza. Ondoa Olimpiki, nani angeijua Iten?

#51 Ndoana
Hiyo nimeipenda. Mji unaonufaika na Olimpiki ya London uko nje ya London.

#52 Binti_Mapokezi
Narudi Barcelona kidogo maana Kocha aliitoa kama kombe. Meya wa sasa, Jaume Collboni, ametangaza kwamba ifikapo Novemba 2028 leseni za nyumba za kupangisha watalii, 10,101, hazitaongezwa muda. Wenyeji wamechoshwa na kodi za nyumba za kupanga zinazopanda. Kwa hiyo hata pale mlipofaulu, wanatafuta namna ya kupunguza.

#53 Kocha_Mstaafu
Tatizo la kuwa na wateja wengi mno. Nipeni mimi tatizo hilo.

#54 Mama_Nia
Kocha hulipi kodi ya nyumba wewe.

#55 Tukutuku
Wakuu, naomba msaada wa vitendo. Ndugu yangu ana nyumba ya wageni ndogo, na mji wao umepangiwa mashindano ya vijana, timu nyingi lakini si yale ya televisheni. Apandishe bei? Ashikilie vyumba?

#56 Binti_Mapokezi
Mashindano ya vijana ni mazuri kuliko anavyofikiri, wazazi wanakuja na wanalipa wenyewe. Mwambie asifunge vyumba vyote. Nusu awaachie wateja wake wa siku zote kwa bei yao, awapigie simu yeye mwenyewe kabla hawajaulizia. Akipewa mkataba wa kushika vyumba, aangalie tarehe ya mwisho ya kurudisha na adai malipo ya awali yasiyorudishwa. Asiweke sharti la kukaa usiku tatu kama mashindano ni ya mtoano, maana timu ikitolewa siku ya kwanza familia nzima inafunga mizigo na ugomvi unakuja kaunta.

#57 Shaha
Na mwambie ahesabu mwezi mzima, si wiki. Alinganishe na mwezi ule ule mwaka uliotangulia, ajumlishe na wiki mbili kabla na mbili baada.

#58 Mzee_wa_Hesabu
Naunga mkono #57. Laiti mawaziri wangehesabu hivyo.

#59 Ndoana
Kwa nyumba moja inawezekana. Kwa mji je? Hawaii ni visiwa, kila mgeni anapita uwanja wa ndege. Mji wa bara wenye barabara kuu tano na treni, wageni utawahesabia wapi?

#60 Binti_Mapokezi
Kodi ya kitanda. Kila hoteli inaipeleka kila mwezi, na rekodi zipo.

#61 Ndoana
Pale inapotozwa kama asilimia ya bei, bei ikipanda mara mbili na wageni wakabaki wale wale, rekodi itaonyesha neema. Na nyumba za kina Mama Nia hazimo.

#62 Mama_Nia
Nani kakwambia hazimo? Mimi nalipa.

#63 Mpiga_Zumari
Mama, hapa kuna watu wa mamlaka ya mapato wanasoma.

#64 Kocha_Mstaafu
Hesabuni matandiko yaliyofuliwa. Shuka haidanganyi bei.

#65 Shaha
Shuka ya nani, ya hoteli au ya kijiji cha wanamichezo? Na hoteli za siku hizi hazifui kila siku, mgeni anaambiwa aokoe maji.